Rekodi za mihadhara zipo, alama ziko palepale: tatizo liko wapi?

SWALI: Ninafundisha kozi ya misingi ya umeme kwa wanachuo wa mwaka wa kwanza. Darasa lina watu 90, na tunakutana mara moja kwa wiki kwa saa 2. Muhula mzima nimerekodi mihadhara kwa simu niliyoisimamisha nyuma ya ukumbi, kisha nikapakia faili nzima kwenye mfumo wa chuo. Wanafunzi walishukuru sana, ila wengi huzifungua wiki ya mtihani tu, mahudhurio yamepungua na alama hazikupanda. Wapo pia wanaolalamika kwamba sauti haisikiki na ubao hausomeki. Je, ninunue kamera nzuri au niache kurekodi?

JIBU: Mwalimu, kurekodi usiache, na kamera usinunue kwa sasa. Malalamiko uliyoyataja yana vyanzo viwili, na ukivichanganya utatumia fedha pasipo na ugonjwa. Chanzo cha kwanza ni cha ufundi, yaani sauti na ubao. Hicho kinatibika ndani ya wiki moja kwa kifaa kidogo kuliko kamera. Cha pili ni kizito zaidi: rekodi yako inarudia kipindi kilekile, kwa urefu uleule, bila kumtaka mwanafunzi afanye lolote. Mwenye rekodi ya namna hiyo ana sababu nzuri ya kutokuja darasani, na anayeifungua usiku wa kuamkia mtihani huitazama kama anavyotazama taarifa ya habari. Kwa mtindo huo alama hazitapanda hata ukirekodi kwa vifaa vya studio ya televisheni.

Tuanze na sauti, maana ndiyo inayoua rekodi nyingi. Picha yenye ukungu mwanafunzi huivumilia, hasa akiwa na slaidi mkononi. Sauti inayomlazimu kutega masikio humchosha baada ya dakika chache, akafunga. Kosa si la simu yako, ni la umbali. Kila umbali kati ya mdomo na maiki unapoongezeka maradufu, sauti inayotoka moja kwa moja mdomoni hupungua kwa desibeli 6 hivi. Kutoka sentimita 20 hadi mita 6.4 umbali umejirudufu mara tano, kwa hiyo desibeli 30 zimepotea njiani. Mwangwi wa kuta na mvumo wa feni havipungui kwa kiasi hicho, kwa kuwa vimejaa ukumbi mzima. Ndiyo maana ukiongeza sauti baadaye kwenye kompyuta unaongeza na mwangwi wake. Programu za kusafisha sauti husaidia kidogo, lakini mara nyingi humwacha msemaji akisikika kama aliyeingia ndani ya debe.

Dawa ni maiki ndogo ya kubana kwenye nguo. Ibane kifuani, sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, mahali ambapo mkufu, mtandio au kitambulisho cha shingoni hakitaigusa. Ya waya inatosha kama unasimama mahali pamoja. Kama unatembea, chukua isiyo na waya na uijaze chaji kabla ya kila kipindi, usingoje taa nyekundu. Angalia sana plagi yake. Maiki iliyotengenezwa kwa ajili ya simu ina plagi yenye mistari mitatu myeusi inayoizunguka, ilhali ya kamera ina miwili. Ukichomeka ya mistari miwili kwenye simu, simu nyingi hazitambui kwamba kuna maiki. Zinaendelea kutumia maiki ya ndani, nawe hutajua mpaka saa 2 zimekwisha. Kwa hiyo fanya jaribio hili kila siku kabla ya kuanza: washa kurekodi, kwaruza maiki ya kifuani kwa ukucha, simamisha, kisha sikiliza kwa spika za masikioni. Mkwaruzo usiposikika kwa nguvu, inayorekodi si hiyo.

Kama programu yako ina kipimo cha sauti, ongea kwa nguvu unayotumia unaposisitiza jambo, halafu rekebisha mpaka vilele vicheze kati ya desibeli −12 na −6. Vikigonga 0 sauti hukatika na kukwaruza, na kilichokatika hakirudi.

Maiki ya kifuani haisikii swali la mtu wa safu ya nane. Lirudie swali kwa maneno yako kabla ya kulijibu. Hata walioko ukumbini watafaidika, kwa sababu waliokaa nyuma mara nyingi nao hawakulisikia. Vivyo hivyo, punguza "hii hapa" na "ile pale" unapoonyesha kwa kidole. Sema "mkondo unaopita kwenye balbu ya pili", na anayesikiliza bila kuona ubao atakufuata.

Sasa ubao, na hapa ndipo penye jibu la kamera. Tuseme ubao wako una upana wa mita 4 na picha inauchukua wote. Mwanafunzi anaitazama kwenye simu yenye kioo cha urefu wa sentimita 14. Kila kitu kimepunguzwa zaidi ya mara 28, hivyo herufi uliyoiandika kwa kimo cha sentimita 5 inamfikia ikiwa na kimo kisichotimia milimita 2. Kamera ya bei yoyote haibadilishi hesabu hiyo. Kinachoibadilisha ni kuchukua nusu ya ubao. Sogeza simu mbele, ielekeze kwenye mita 2 tu, andika hapo kila kinachostahili kunakiliwa, na nusu ya pili iwe ya rasimu. Herufi ileile sasa ina milimita 3.5. Bonyeza kidole kwenye picha ya ubao na ukishikilie mpaka simu ifunge fokasi na mwanga, la sivyo kila unapopita mbele ya ubao picha itafifia na kung'aa kwa zamu. Iweke simu katika hali ya ndegeni pia, kwa sababu simu moja tu ikiingia inaweza kukatiza kurekodi.

Waya wa maiki usipoifikia simu inayochukua picha, chomeka maiki kwenye simu ya pili iliyo mfukoni, kisha piga kofi moja mbele ya lenzi mwanzoni. Mlio huo ndio utakaooanisha sauti na picha. Jihadhari na jambo moja: simu nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu (idadi ya picha kwa sekunde) inayobadilikabadilika, na baada ya nusu saa midomo na sauti huanza kuachana. Kabla ya kuunganisha, pitisha video kwenye programu ya bure kama HandBrake na uchague kasi ya fremu isiyobadilika.

Unapotumia slaidi, usirekodi ukuta. Skrini ya projekta inang'aa kuliko chumba, kamera hufuata mwanga wake, nawe unageuka kivuli. Rekodi kioo cha kompyuta moja kwa moja kwa OBS Studio, ambayo nayo ni ya bure, maiki ikiwa imechomekwa kwenye kompyuta hiyohiyo. Kwenye mipangilio chagua aina ya faili ya MKV. Umeme ukikatika katikati, MKV hubaki na kila kilichokwisha kurekodiwa, ilhali MP4 ya kawaida huweza kuharibika yote. Ukimaliza, menyu ya programu hiyo ina amri ya kuigeuza kuwa MP4 kwa muda mfupi bila kupoteza ubora.

Hayo yakikaa sawa, umepata rekodi inayosikika. Bado hujapata rekodi inayofundisha.

Faili ya saa 2 haina mlango wa kuingilia. Mwanafunzi aliyekwama kwenye saketi sambamba hajui kama jibu liko dakika ya 23 au ya 97, kwa hiyo anaanza mwanzo, anaburuta mshale huku na huko, anachoka. Mwaka 2014 Philip Guo na wenzake walichambua vipindi milioni 6.9 vya utazamaji wa video za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, wakakuta kwamba muda wa kati wa utazamaji hauzidi dakika 6, hata video iwe ndefu kiasi gani. Matokeo hayo yasomwe kwa uangalifu. Wale walikuwa wanafunzi waliojiandikisha wenyewe mtandaoni, na kilichopimwa ni muda wa kutazama, si kiasi walichoelewa. Wapo walioyachukua kuwa sheria, wakakata video kila dakika ya 6 hata kama sentensi haijaisha. Wewe kata pale swali linapoisha. Kipande kimoja kijibu swali moja, kiwe cha dakika 5 au 9, na jina la faili liwe swali lenyewe: "Kwa nini mkondo wa jumla huongezeka balbu ya pili ikiunganishwa sambamba?" Jina kama "Wiki ya 4, sehemu B" halimwambii mtu kitu.

Kukata kusikupotezee jioni nzima. Unapofundisha, kila unapomaliza swali moja nyamaza sekunde 3 au 4 kabla ya kuanza jingine. Kwenye mchoro wa mawimbi ya sauti utaona mapengo yamejipanga kama hatua za ngazi, nawe unakata hapo. Programu ya LosslessCut hukata bila kutengeneza faili upya, hivyo haikawii. Kasoro yake ni kwamba kipande huweza kuanza sekunde kadhaa kabla ya ulipoonyesha, na ule ukimya wako ndio unaoificha kasoro hiyo.

Vipande vifupi vina neema nyingine: bando. Simu inayorekodi kwa megabiti 16 kwa sekunde hutoa megabaiti 2 kila sekunde, kwa hiyo saa 2 ni gigabaiti 14 na ushee. Kioo cha kompyuta chenye slaidi, kikibanwa hadi nusu megabiti kwa sekunde, hutoa kipande cha dakika 8 chenye megabaiti 30 tu, na maandishi yanasomeka kwa sababu slaidi hazisogei. Weka pia sauti peke yake. Kwa kilobiti 64 kwa sekunde, dakika hizohizo 8 hazifiki megabaiti 4. Pamoja na slaidi za PDF, huyo asiye na intaneti ya uhakika amepata karibu kila kitu. Usimsahau, maana mara nyingi ndiye anayeihitaji rekodi kuliko wote.

Kisha maswali. Kama ungekuwa na nguvu ya kufanya jambo moja tu katika yote haya, ningekuomba ufanye hili. Karl Szpunar, Novall Khan na Daniel Schacter, katika utafiti wao wa mwaka 2013, waliwaonyesha watu mhadhara wa takwimu wa dakika 21 uliogawanywa sehemu nne. Waliopewa maswali mafupi baada ya kila sehemu walizurura kimawazo mara chache kuliko wenzao, waliandika zaidi, na walifanya vizuri zaidi kwenye maswali ya sehemu ya mwisho. Mapema zaidi, mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwa nini usiku wa kuamkia mtihani unadanganya. Waliosoma tena habari ileile walikumbuka zaidi dakika 5 baadaye, lakini baada ya siku 2, na baada ya wiki, waliojipima bila kuangalia ndio waliokuwa mbele. Kutazama mara ya pili humpa mtu hisia ya "ninaijua hii", na hisia hiyo haimsaidii akiwa peke yake na karatasi tupu.

Kwa hiyo kila kipande kifuatwe na maswali matatu kwenye mfumo wenu. Mawili yawe ya kukokotoa au kutabiri, yasiyojibika kwa kunakili maneno ya video. La tatu liwe la wazi: "Andika kwa sentensi moja au mbili jambo ambalo bado halijakukaa." Yafungwe jioni ya kabla ya kipindi, yabebe alama chache, kama 5 kati ya 100, na hizo zitolewe kwa kujaribu, si kwa kupata. Ukitoa alama kwa jibu sahihi, majibu yatasambaa kwa simu kabla ya saa moja kupita. Majibu 90 ya swali la tatu husomeka kwa nusu saa, kwa kuwa hayaandikwi kwa urefu na hujikusanya yenyewe kwenye mafungu matatu au manne. Mafungu hayo ndiyo yanayopanga kipindi chako.

Na kipindi lazima kibadilike, vinginevyo mahudhurio hayatarudi. Vipande vya kutazamwa kabla ya darasa virekodi mezani, kwenye chumba kidogo chenye mapazia, si ukumbini. Vitatu vya dakika 7 au 8 vinatosha kwa wiki. Darasani tumia dakika 10 za mwanzo kujibu mafungu yale, kisha ingia kwenye maswali ya kubishania kwa utaratibu ambao Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, aliuanza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa mfano: betri moja, balbu mbili zimeunganishwa sambamba. Ukiondoa moja, iliyobaki itang'aa zaidi, itafifia, au itabaki vilevile? Kila mtu apige kura kimya, kwa vidole vilivyoshikwa kifuani ili asimtazame jirani. Waliopata jibu sahihi wakiwa chini ya theluthi moja ya darasa, rudi ueleze, kwa sababu hawana cha kujadiliana. Wakizidi theluthi mbili, eleza kwa ufupi uendelee. Wakiwa katikati, waambie wamshawishi jirani mwenye jibu tofauti kwa dakika 2 au 3, kisha wapige tena kura. Swali moja na maelezo yake huchukua dakika 10 hadi 15, kwa hiyo matatu yanakupeleka hadi saa ya kwanza. Saa ya pili ni ya kukokotoa wakiwa wawiliwawili, wewe ukipita kati yao.

Watakuwepo waliokuja bila kutazama. Usiwarudishie mhadhara mzima kwa huruma. Ukifanya hivyo wiki ya kwanza, umewafundisha wote kwamba kutazama si lazima.

Baadhi ya walimu hujaribu kurudisha mahudhurio kwa kuchelewesha rekodi au kuzifuta baada ya wiki mbili. Mimi sikubaliani nao. Anayeumia ni aliyelazwa, anayefanya kazi mchana, asiyesikia vizuri, na yule anayeifuata lugha ya kufundishia kwa shida, ambaye kusimamisha na kurudia ndiyo nafasi yake pekee ya kwenda sawa na wenzake. Wala usihangaike na wanaotazama kwa kasi. Utafiti wa Dillon Murphy na wenzake uliochapishwa 2022 ulikuta kwamba kasi ya 1.5 na hata ya 2 haikupunguza sana uelewa, ila zaidi ya hapo ulishuka. Kwenye kukokotoa saketi hatua kwa hatua bado ningewashauri wabaki kasi ya kawaida, kalamu mkononi.

Mfumo wenu ukionyesha sehemu zilizorudiwa mara nyingi, zisikilize mwenyewe kabla ya kuhukumu. Marudio huweza kumaanisha dhana ngumu, lakini pia huweza kumaanisha kwamba ulitaja fomula haraka, au kiti kiliburutwa na kufunika neno.

Manukuu, yaani maandishi ya maneno yanayosemwa kwenye video, yana faida kubwa, ila yanataka mkono wa mtu. Whisper, programu huria ya kugeuza sauti kuwa maandishi iliyotolewa 2022, huandika Kiswahili, lakini kwa makosa mengi kuliko Kiingereza. Usipoitajia lugha, huitambua kwa kusikiliza sekunde 30 za mwanzo. Ukianza kwa salamu za Kiingereza, kipande chote kitaandikwa kana kwamba ni Kiingereza. Itajie lugha, kisha tafuta istilahi zako moja moja: volti, mkondo, ukinzani. Hapo ndipo inapokosea zaidi, na hapo ndipo kosa linapomwumiza msomaji.

Kabla ya kuwasha maiki darasani, waambie wanafunzi kinachorekodiwa, nani atakiona na kitafutwa lini. Tenga safu zisizoonekana kwenye picha, na mtu akianza kueleza jambo lake binafsi, simamisha kurekodi. Wakati wa mabishano ya jirani kwa jirani usirekodi kabisa, kwa sababu mtu akijua kosa lake linahifadhiwa hafungui mdomo.

Muhula ujao usiibadilishe kozi yote. Chagua mada tatu ambazo wanafunzi hukosa kila mwaka, tengeneza vipande tisa na maswali yake, na nyingine ziache zilivyo, ukiboresha sauti tu. Kwenye mtihani weka maswali ya mada hizo tatu yenye ugumu uleule wa mwaka jana, pamoja na ya mada ambazo hukuzigusa. Usihesabu mara ngapi video zimefunguliwa. Linganisha alama za mafungu hayo mawili. Zile tatu zikipanda na nyingine zikabaki palepale, chukua tatu nyingine.